Diski ya kompyuta ya 2005 inadai ifomatiwe: tutaokoaje picha na maandishi ya marehemu?

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Kakamega. Marehemu mume wangu aliacha kompyuta ya mezani tuliyoinunua mwaka 2005, yenye Windows XP, ambayo haijawashwa tangu 2012. Ndani yake kuna picha za familia, hesabu za chama chetu cha akina mama alizokuwa akituwekea, na kurasa nyingi za historia ya ukoo. Kompyuta yenyewe haiwaki. Mwanangu aliitoa diski akaiunganisha na laptopu yake kwa waya wa USB, zikatokea sehemu mbili. Sehemu C inafunguka, ila folda yenye jina la baba yake inakataa, ikisema hatuna ruhusa. Sehemu D inadai ifomatiwe kabla ya kutumika. Mara nyingine laptopu huganda, na diski husikika ikisitasita. Fundi mmoja mjini anatushauri tukubali kufomati, kisha yeye atumie programu ya kurejesha faili. Mwingine anasema ataifungua diski aifute vumbi. Tumsikilize nani?

Jibu: Msimsikilize yeyote kati ya hao wawili, Mwalimu. Chomoeni diski hiyo sasa, iwekeni mahali pakavu, na asiiwashe mtu mpaka mtakapokuwa na diski nyingine ya kunakilia na asubuhi nzima ya kufanya kazi hiyo bila haraka. Kwa dalili ulizoandika, naona uwezekano mkubwa kwamba sehemu kubwa ya alichokihifadhi Mzee bado ipo. Kinachonitia wasiwasi ni muda. Diski ya umri huo ikianza kusitasita inaweza kuzunguka kwa miezi mingine, na inaweza pia kunyamaza kesho, wala hakuna kipimo cha uhakika kitakachotuambia mapema. Kwa hiyo kila dakika inayozunguka itumike kunakili diski nzima, na kupekua kufanyike baadaye kwenye nakala. Mengi ya nitakayoeleza hapa chini yanatokana na kanuni hiyo moja.

Kwanza, kompyuta kutowaka hakuna uhusiano mkubwa na diski. Mashine nyingi zilizotengenezwa kati ya 1999 na 2007 zilifungwa kapasita duni, vipande vidogo vya kutuliza umeme, kwenye mothabodi (bodi kuu ya kompyuta), ambazo baada ya miaka huvimba vichwa na kuvuja. Ukifungua kasha ukaona mapipa madogo yaliyotuna juu au yenye ukoko wa kahawia, umepata mshukiwa. Pawa saplai nayo huchoshwa na stima inayopanda na kushuka. Hamhitaji kutengeneza chochote kati ya hivyo. Data imeandikwa kwa sumaku kwenye sahani zilizo ndani ya diski, na sumaku hiyo haihitaji umeme ili idumu. Miaka zaidi ya kumi ya kukaa kimya haiifuti. Diski yenu ilipochomekwa ilizunguka, ikatambuliwa, ikaonyesha sehemu zake zote mbili. Hizo ni habari njema kuliko mnavyodhani.

Ujumbe wa kufomati unaotokea kwenye D hausemi kwamba D ni tupu. Unasema tu kwamba Windows imejaribu kusoma mwanzo wa sehemu hiyo, pale palipoandikwa aina ya mfumo wa faili (namna faili zinavyopangwa) na mahali jedwali la faili, yaani orodha ya faili na zilipo, linapoanzia, ikakuta hapasomeki au hapaeleweki. Wewe umeshika chaki miaka mingi: rejista ikichanika ukurasa wa kwanza, wanafunzi hawajatoweka kwenye madawati. Tena rejista hii ina akiba. Kama D ilikuwa ya mfumo wa NTFS, ambao ulitumika sana kwenye XP, nakala ya sekta ile ya mwanzo (sekta ni kipande kidogo cha diski) huwekwa mwishoni kabisa mwa sehemu hiyo, na maingizo manne ya kwanza ya jedwali la faili huwa na nakala yake mahali pengine. Kama ilikuwa FAT32, nakala ya mwanzo huwa kwenye sekta ya 6, na jedwali lenyewe kwa kawaida huandikwa mara mbili. Waliobuni mifumo hiyo waliitarajia ajali ya namna hii.

Sasa tazama kufomati kungefanya nini. Kwa njia ya haraka, Windows huandika jedwali jipya, tupu, ambalo huweza kuangukia palepale palipokuwa na lile la zamani, hivyo majina ya faili na mpangilio wa vipande vyake hupotea hata kama picha zenyewe hazijaguswa. Kwa njia kamili, matokeo hutegemea toleo la Windows. Katika XP, kufomati kikamilifu kuliisoma diski nzima ili kutafuta sekta mbovu, pasipo kufuta data. Kuanzia Windows Vista, iliyotoka 2007, kufomati kikamilifu huandika sufuri juu ya kila sekta, na kilichofunikwa kwa sufuri hakirejeshwi na fundi wa Kakamega wala wa ng'ambo. Nadhani aliyewashauri alijifunza kazi enzi za XP, wakati ushauri huo ulikuwa mbaya lakini haukuwa wa kuua. Laptopu ya mwanao bila shaka ina Windows mpya zaidi. Kwa sababu hiyohiyo, Windows ikijitolea kuikagua na kuirekebisha diski, mkatae pia: programu yake ya ukaguzi huandika juu ya diski ileile inayoikagua, na lengo lake ni kuuweka sawa mfumo wa faili, si kuokoa picha zenu.

Huyo wa pili ni hatari zaidi. Vichwa vinavyosoma data huelea juu ya sahani kwa umbali wa nanomita chache tu, nayo chembe ya kawaida ya vumbi la chumbani ni kubwa mara nyingi zaidi ya nafasi hiyo. Hakuna vumbi la kufutwa ndani ya diski ambayo haijafunguliwa; vumbi huingia siku inapofunguliwa. Kazi hiyo hufanyiwa katika chumba chenye hewa iliyochujwa, na mtu mwenye vifaa vya kubadilishia vichwa. Mkisikia pia habari ya kuiweka diski kwenye friza, iacheni ipite. Ikitolewa humo na kukutana na hewa yetu yenye unyevu, matone hujitengeneza juu ya sakiti, ile bodi ya elektroniki iliyo chini ya diski, na hata kwenye sahani, maana diski nyingi za aina hiyo zina tundu dogo la kupitishia hewa.

Kabla ya kuihukumu diski, chunguzeni waya mlioutumia. Diski ya kompyuta ya mezani, ile ya inchi 3.5, huhitaji umeme wa volti 12 kwa ajili ya mota na volti 5 kwa ajili ya sakiti, ilhali soketi ya USB hutoa volti 5 pekee. Kwa hiyo adapta yenu lazima ina kichwa chake cha kuchomeka ukutani, na kama ni ya bei ya chini, kichwa hicho huenda hakitoi umeme wa kutosha diski inapoanza kuzunguka au inaposogeza vichwa kwa kasi. Kusitasita na kuganda kwa laptopu huweza kutokana na hilo pekee. Hapa kwenye meza yangu Kisumu, nikiletewa diski yenye tabia hiyo, cha kwanza kubadilisha ni adapta. Mwaka 2005 ulikuwa wa mpito, hivyo tazameni soketi iliyo nyuma ya diski. Ikiwa na pini 40 katika safu mbili, ni ya aina ya zamani ya IDE. Ikiwa na vipande viwili bapa vyenye umbo la L, ni SATA. Kwa IDE, angalieni pia jampa, yaani kile kipande kidogo cha plastiki kinachounganisha pini mbili kando ya soketi. Kiwekwe kwenye nafasi ya diski kuu (Master), kama mchoro wa kwenye lebo unavyoonyesha, la sivyo adapta nyingi hazitaitambua vizuri.

Sasa kunakili. Mtahitaji diski ya nje yenye nafasi kubwa kuliko ya zamani. Diski nyingi za mwaka ule zilikuwa za GB 40, 80 au 160, kwa hiyo ya GB 500 inatosha na kubaki. Isiwe imefomatiwa kwa FAT32, kwa sababu mfumo huo haupokei faili moja inayofikia GB 4, na nakala yenu itakuwa faili moja kubwa. Mtahitaji pia flashi yenye Ubuntu, mfumo wa kuendesha kompyuta kama ilivyo Windows, ambayo hupakuliwa bure na kuifanya laptopu iwake bila kugusa Windows iliyomo. Sababu ya kuchagua Ubuntu si ushabiki. Windows ikiona diski huanza mara moja kuisomasoma na wakati mwingine kuiandikia, ilhali tunataka diski iguswe na programu moja tu.

Programu hiyo inaitwa ddrescue. Kwenye Ubuntu husakinishwa kwa jina la kifurushi tofauti kidogo, kwa amri hii inayoandikwa, kama zote zitakazofuata, kwenye dirisha la Terminal:

sudo apt install gddrescue

Ikiwa haipatikani, washeni kwanza hazina ya programu inayoitwa universe. Mtandao wa simu unatosha. Baada ya hapo chomekeni diski zote mbili, na ile ya zamani ikijifungua yenyewe kwenye skrini, ifungwe kwa amri ya umount bila kuichomoa. Kisha andikeni lsblk, amri ya kuorodhesha diski, mtazame ukubwa: diski iliyouzwa kama ya GB 80 itaonekana kama 74.5G, kwa sababu mtengenezaji na programu hawahesabu kwa kipimo kimoja. Hakikisheni mara mbili ni ipi iliyo ya zamani. Tuseme Ubuntu imeipa jina la sdb. Ingieni kwenye folda ya diski mpya, kisha:

sudo ddrescue -d -n /dev/sdb nakala.img ramani.map

Chanzo hutangulia, nakala hufuata, ramani huwa mwisho. Uzuri wa programu hii ni kwamba haing'ang'anii sekta mbovu. Ikikwama huruka mbele, huchukua kwanza kila kinachosomeka kwa urahisi, na huandika kwenye faili la ramani ni wapi palipoishinda. Programu ya kawaida ya kunakili ingekwama hapohapo na kukisugua kichwa juu ya eneo lililougua hadi kife. Zikiisha sehemu nzuri, ndipo mrudi kwa amri ya pili, itakayojaribu mabaki mara tatu zaidi:

sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb nakala.img ramani.map

Diski nzima ya GB 80, ikiwa na afya, humalizika kwa takriban saa moja hata kwa USB ya zamani. Yenye sekta mbovu nyingi huweza kuchukua siku. Ielekezeni feni, isilazwe juu ya kitambaa, na isisogezwe inapozunguka. Stima ikikatika katikati ya kazi hamtaanza upya, kwa kuwa amri ileile huisoma ramani na kuendelea pale ilipoishia, lakini kila kuzima na kuwaka tena ni mtihani kwa diski mgonjwa. Laptopu ina betri, adapta haina. Kama shule jirani au kanisa lina UPS, yaani betri inayoshika stima ikikatika, iazimeni. Na kwa kuwa kwenu Kakamega, kama huku kwetu kando ya ziwa, mvua ya radi hupenda kunyesha alasiri, anzeni asubuhi na mapema.

Mkishapata nakala, chomoeni diski ya zamani. Tangu hapo kosa lolote litakuwa kosa juu ya nakala.

Folda ya Mzee iliyokataa kwenye C ndiyo tatizo jepesi kuliko yote. NTFS huandika pamoja na kila folda orodha ya wenye ruhusa, na orodha hiyo haina majina ya watu bali namba zilizotolewa na ile Windows ya 2005. Laptopu ya mwanao haizijui, hivyo inakataa. Ubuntu kwa kawaida haizingatii orodha hiyo. Ukibofya faili la nakala kwenye Ubuntu, programu yake ya kufungulia taswira za diski huifungua kwa kusoma tu, na folda ile itafunguka bila ubishi. Kwenye XP vitu vya mtumiaji hukaa ndani ya Documents and Settings, kisha jina lake, kisha My Documents na Desktop. Tazameni pia Local Settings, ambayo huwa imefichwa, kwa kuwa barua pepe za Outlook Express zilihifadhiwa humo katika faili zenye kiambishi .dbx. Lipo jambo moja la kuangaliwa: kama Mzee alitumia usimbaji wa XP yenyewe, yaani kuzifunga faili kwa ufunguo wa siri, faili zake zilionekana kwa maandishi ya kijani, na hizo hazitafunguka bila ufunguo uliomo kwenye akaunti yake pamoja na nywila aliyokuwa akitumia. XP ya toleo la nyumbani haikuwa na huduma hiyo kabisa. Sidhani kama mtakutana nayo, lakini msifute chochote ndani ya folda yake mpaka mjue.

Kwa D, tumieni TestDisk, ambayo ni ya bure. Iiteni kwa jina la nakala, yaani testdisk nakala.img, kisha muiombe iorodheshe faili za sehemu ya pili. Ikiweza kuziorodhesha, zinakiliwe kwenda folda nyingine, na kazi imekwisha bila kurekebisha kitu. Ikishindwa, ina chaguo la kulinganisha sekta ya mwanzo na ile nakala yake na kuirudisha. Hapo itaandika, kwa hiyo rudufuni nakala.img kwanza kama nafasi ipo. PhotoRec, programu ndugu yake, iwe ya mwisho. Hiyo haijali jedwali la faili. Hupita sekta kwa sekta ikitambua mianzo ya picha na nyaraka, na kwa sababu hiyo huokoa hata pale jedwali lilipopotea kabisa, ila hurudisha maelfu ya faili zisizo na majina, zikichanganyika na vijipicha vya kurasa za mtandao. Wengi huanza nayo kwa kuwa ni rahisi, kisha hukata tamaa mbele ya lundo. Ikibidi kuitumia, picha za kamera ya dijitali zinaweza kupangwa upya kwa tarehe iliyoandikwa ndani ya picha yenyewe, mradi saa ya kamera ilirekebishwa.

Msishtuke mkifungua flashi au folda za zamani mkakuta kila kitu kimegeuka shotikati, yaani alama ya njia ya mkato badala ya folda yenyewe. Enzi za XP virusi vya flashi vilienea mno katika saiba za miji yetu, na baadhi vilizificha folda halisi na kuweka shotikati mahali pake. Watu walidhani wamepoteza kazi zao kumbe zimefichwa tu. Ubuntu itazionyesha mkiiamuru ionyeshe vilivyofichwa, na virusi hivyo vilivyoandikwa kwa ajili ya Windows kwa kawaida havitafanya kazi ndani yake. Chukueni nyaraka na picha tu, acheni programu, na mzikague kwa programu ya kuzuia virusi kabla ya kuzifungua kwenye laptopu ya Windows. Hati za .doc na hesabu za .xls hufunguka kwa LibreOffice, na hata zile za .wps za Microsoft Works. Video za .3gp kutoka simu za zamani hufunguka kwa VLC.

Upo pia wakati wa kuacha. Mkisikia diski ikigonga kwa mapigo yanayolingana, tik, tik, tik, au ikishindwa kuzunguka, au mkinusa harufu ya kuungua, zimeni hapohapo. Mapigo hayo kwa kawaida humaanisha vichwa vimeharibika au havipati mwelekeo, na kila dakika ya ziada huweza kuchana tabaka la sumaku. Kubadilisha sakiti ya chini kwa nyingine ya modeli ileile, kama mafundi wanavyopenda kushauri, mara nyingi hakutoshi, kwa kuwa diski nyingi huweka kwenye sakiti chipu yenye vipimo vya diski hiyo pekee, na chipu hiyo lazima ihamishwe. Hapo ni kazi ya maabara, nayo kutoka huku magharibi humaanisha kuisafirisha. Ifungeni kwa mfuko wa kuzuia umeme tuli, kisha kwa sponji nene pande zote, na mtu aibebe mkononi badala ya kuitupa kwenye buti la basi. Mara nyingi gharama yake ni kubwa kuliko ya kompyuta mpya, kwa hiyo ombeni makadirio ya maandishi kabla hawajaigusa, na waulizeni kama mtalipa wakishindwa.

Mkiamua kumpa fundi wa karibu kazi ya kunakili, mwombeni aifanye mwanao akiwa ameketi hapo. Hesabu za chama huenda zina majina, namba za vitambulisho na akiba za wanachama wengine, ambao hawajaulizwa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, lakini sheria haiizuii flashi kuingia mfukoni. Fundi anayesema atanakili diski nzima kwanza anaijua kazi. Anayetaka kuifungua na kuanza kubofyabofya, mchukue diski yako uondoke.

Vilivyookolewa viwekwe kwenye diski mbili tofauti, katika nyumba mbili, na maandishi ya ukoo yawekwe pia mtandaoni. Akaunti ya Google hutoa GB 15 bure, nayo kurasa za maandishi hazitajaza hata sehemu ndogo ya hizo. Diski ya zamani usiiuze wala kuitupa hadi mtu amefungua kila hati ya historia hiyo na kuisoma kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Pale ddrescue iliposhindwa kusoma, faili hutoka na jina sahihi na ukubwa sahihi huku kipande cha katikati kikiwa sufuri tupu, na kasoro hiyo haionekani kwenye orodha ya folda.